Sita Kabla ya Tatu

Mchana mimi ni karani wa mizani pale Mwaloni, Kirumba.
Napima dagaa, naandika kilo, jioni najisugua kwa limao.
Ijumaa usiku mimi ni ziwa, ni upepo, ni mlinzi wa lango,
nyuma ya duka la steshenari la shemeji yangu, Mabatini:
meza ya plastiki, wadudu wa ziwani wakizonga taa,
dadu moja la pande ishirini, lililomeguka pembe,
na tangu limeguke linapenda kumi na nne.

Wiki tatu mfululizo wameua.
Wameua mazimwi, wamemuua mfalme wa kenge,
wamemuua hata mwenye kivuko aliyewadai nauli.
"Nachomoa upanga," husema Magesa
kabla sijamaliza kueleza rangi ya anga.

Kwa hiyo Alhamisi nilikaa na daftari, nikaandika:
Bandari imezibwa na gugumaji. Hakuna adui.
Nikafuta "hakuna adui". Wangeanza kumtafuta.
Nikaandika: Mafanikio sita kabla ya makosa matatu.
Nikayatazama. Hesabu tu, kama jedwali la ushuru.
Nani amewahi kushika pumzi mbele ya jedwali?

Nikamkumbuka mama, mwaka ule wa deni,
mbele ya Lukanyanga mwenye mitumbwi kumi na mmoja.
Kwanza aliuulizia mguu wake mbovu.
Kisha akanyamaza, muda mrefu kuliko adabu.
Kisha akateleza, akamtaja marehemu mkewe,
na uso wa tajiri ukashuka kama shata la duka.
Mama hakuaga. Aliokota wavu uliochanika pale mlangoni,
akaanza kuushona, akiongea na uzi.
Tukapewa miezi minne.
Kosa lake halikuwa ukuta.
Lilikuwa njia ya kuzunguka, yenye miiba.

Hilo nikaliandika kwa wino mwekundu:
Wakishindwa, kitu kitokee. Maji yapande.
Mtu aijue siri asiyoitaka.
Marufuku kusema "hamjaweza, rusheni tena."

Ijumaa, basi. Katikati ya gugumaji, mawe mawili yamepandana
kama yale ya juu ya nyumba zetu,
yasiyoanguka wala kueleza kwa nini.
Yakasema, kwa sauti yangu yenye mafua:

    Upanga weka alani, wala kisu usifiche,
    Damu haina thamani, mtapiga hadi kuche,
    Sema lililo moyoni, maneno yawe machache,
    Mzigo wa mabegani, hapa kwangu uuache.

Kimya. Jenereta la jirani.
"Nalipiga," akasema Magesa.
Tatu. Maji yakamfika magotini.
Minza akalidanganya lango kwamba yeye ni mjane:
kumi na nane, uongo mtamu, tukacheka,
lango likampa pole, likamwuliza jina la mume.
Hakuwa na jina tayari. Maji yakafika kiunoni.

Ndipo Lusato, fundi wa kuchomelea,
ambaye tangu Februari hajasema zaidi ya "napita",
akaweka kidole juu ya karatasi yake.
"Mtu wangu anatua begi," akasema.
"Ndani mna viatu vya kaka yake.
Amevibeba tangu siku ya kwanza. Hamkuuliza."

Nikapekua daftari. Nilikuwa nimeandaa wepesi,
ushawishi, elimu ya mimea, kusoma nyota.
"Unatumia ujuzi gani?"
Akafikiri. "Kubeba."

Haukuwemo. Nikauandika pembeni, kwa wino mwekundu.
"Rusha."
Dadu likadunda, likavuka ukingo wa meza,
likaingia chini ya mashine ya fotokopi,
na hakuna aliyeinama kulitazama.

Mafanikio yalikuwa mawili tu. Nakiri hapa.
Magesa alikuwa anaufungua mkanda wa upanga wake,
taratibu, mkanda ambao haupo,
na mimi nikalifungua lango.

Jumamosi asubuhi, mizanini: kilo arobaini na mbili.
Nikaandika, kisha nikamtazama aliyezileta.
Dadu bado liko kule chini.
Wiki ijayo nibebe fagio.